Bei ya Mweria

“Na siku ile ya mweria, jirani walipokuja kuwapalilia mpunga, mliwalisha nini?”

Aliyeuliza ni Jefwa, kijana wa Kaloleni aliyekuwa akisoma chuo kikubwa huko bara. Ulikuwa mwaka wa hamsini na sita, na tangu mvua za masika zianze alikuwa akizunguka na baiskeli yake baina ya Msambweni na Kikoneni, akiwauliza watu mambo ambayo hata mama mkwe haulizi. Una minazi mingapi? Mbata ulimwuzia nani? Jembe lako lina umri gani? Alisema anafanya utafiti wa uchumi wa mkulima, apate kujua kama mtu wa pwani akilima anapata faida au anajichosha bure. Akimaliza angeandika kitabu, wakubwa wa chuo wakisome, naye apewe shahada yake. Watu walimpa majibu kama wanavyompa mgeni maji, kwa sababu ameomba.

Mwanasha alikuwa ameketi mkekani, mumewe Chirau yuko juu ya kiti. Bonde la mpunga lilikuwa la Mwanasha, alilirithi kwa mamake naye kwa mamake, kama yalivyo mabonde ya kule. Lakini Jefwa alikwisha kuandika jina la Chirau juu ya karatasi, mahali palipoandikwa mwenye shamba, na Chirau hakumsahihisha. Alikaa tu akijipepea kwa kofia, kama mtu aliyepewa cheo.

Kweli ya chakula cha siku ile ilikuwa hivi. Ghala lilikuwa limekauka, kama linavyokauka kila mwaka kabla ya mavuno. Mwanasha alipika kunde na ng'onda wadogo, samaki wa kukaushwa, na wali ulikuwa mchache, akauongezea muhogo. Watu walikula, wakasema alhamdulillahi, wakaenda zao. Hakuna aliyenuna, maana mweria ni kusaidiana kazi, si karamu. Leo kwako, kesho kwangu, na kila nyumba hupika ilicho nacho.

“Kwani wenzangu walisema walipika nini?” Mwanasha aliuliza, kama anayetania.

“Siwezi kutaja nyumba ya mtu, mama. Lakini nilikotoka asubuhi walichinja kuku.”

Alikotoka asubuhi ni kwa jirani yao Mbeyu, kila mtu alimwona akipita. Mbeyu na kuku, wapi na wapi? Kuku wa Mbeyu hufa kwa uzee, wala hakuna aliyewahi kuusikia mchuzi wao. Atapita huyu kijana aseme kwa Mbeyu kuku na kwa Mwanasha kunde?

“Mimi pia kuku,” alisema. “Kuku wanane. Na papa wa kununua Gazi, na wali wa nazi. Na asubuhi, kabla hawajashika jembe, chai ya sukari.”

Chirau alimtazama mkewe, akakohoa kidogo.

“Andika na mandazi,” alisema.

Jefwa akaandika.

*

Mpunga ulipoanza kutoa masuke, mzee wa mtaa aliwaita watu uwanjani kwa skuli. Bwana Shamba, yule afisa wa kilimo, alitaka wakulima wasikie matokeo ya mwanzo ya utafiti. Ubao ulitolewa nje ukaegemezwa ukutani. Jefwa alivaa suruali iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe, na chaki alikuwa nayo mkononi kabla dua haijaisha.

“Sitataja jina la mtu,” alianza. “Hesabu za nyumba ni siri. Nitawapa mfano wa mkulima namba saba. Ana mke mmoja, na binti mmoja aliyeachika akarudi na mtoto mchanga. Ana minazi thelathini na miwili, na bonde la mpunga linalopakana na kisima.”

Uwanja mzima uligeuka kumtazama Chirau. Siri gani hiyo? Ilibaki kutajwa rangi ya kanzu yake. Mwanapili, yule binti aliyeachika, alimvuta mwanawe kifuani akainamisha kichwa.

Jefwa hakuona kitu. Alikuwa amewapa watu mgongo, anaandika. Alieleza kwamba watu hudhani mweria ni kazi ya bure, kumbe mtaalamu wa hesabu hajui kitu cha bure. Chakula kina bei. Alikipiga bei chakula cha namba saba kitu kwa kitu, kuku, papa, nazi, sukari, mandazi, akakigawanya kwa idadi ya waliokula. Kila mtu alikula chakula cha shilingi moja na senti themanini. Kibarua kwenye mashamba ya miwa analipwa shilingi moja na nusu, tena anafanya kazi mpaka alasiri. Hawa wa mweria adhuhuri wamekwisha kwenda zao.

“Kwa hiyo,” alisema akigeuka, chaki imemwingia mpaka kwenye nyusi, “kitaalamu jirani hawa wanakula kuliko wanavyofanya kazi. Namba saba anapata hasara. Angeajiri vibarua angepata faida.”

Wala hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyotaja kina cha kisima. Bwana Shamba alipiga makofi peke yake, akaacha.

Salimu, mumewe Mbeyu, alisimama taratibu. Alikuwa mtu wa maneno machache, na ndiyo maana watu walinyamaza.

“Bwana mdogo, nieleze mimi nisiyesoma. Hiyo habari ya kuku umeipata wapi?”

“Kwa wenye nyumba wenyewe, mzee.”

“Walizihesabu tonge zetu?”

“Walinieleza chakula. Kugawanya niligawanya mimi.”

“Ahsante,” Salimu alisema, akaketi.

Kule pwani mtu anaweza kukutukana, mkagombana hata mkashikana, na Ijumaa wazee wakawasuluhisha kwa kahawa. Lakini kukusimanga, kukutolea hadharani habari ya chakula alichokulisha, hilo halina kahawa. Mtu aliyesimangwa hukitapika rohoni alichokula mwaka juzi. Na hapa watu walikuwa wamesimangwa kwa chaki, mbele ya serikali, na tena kwa kuku ambao hakuna aliyeonja hata mfupa wake.

Mwanasha alikuwa amekaa kati ya wanawake. Mbeyu, aliyekuwa ubavuni mwake, alikusanya pindo la leso yake likamwondokea Mwanasha. Hakusema neno. Mwanasha alitamani angesema.

*

Mpunga ukaiva. Mwaka ule ulizaa vizuri, masuke yaliinama mpaka yakagusa maji. Mpunga ule ndio chakula cha nyumba ya Mwanasha mwaka mzima, na haukuwa na cha kuusaidia, kwa kuwa bei ya mbata ilikuwa imeanguka na mahindi ya shamba la juu yaliliwa na nguruwe. Na mpunga ulioiva haungoji mtu. Ukichelewa, unapukutika, na ndege wanamaliza uliobaki.

Desturi ni kwamba mwenye bonde hupita jioni nyumba kwa nyumba. Husalimu, huulizia hali za watoto, kisha husema, “Kesho kwangu.” Naye hujibiwa, “Inshallah, tutakuja.” Mwanasha alijitanda leso yake mpya, akatoka.

Kwa Randu aliambiwa kuna mgonjwa. Mgonjwa mwenyewe alikuwa uani anapasua kuni. Kwa Dama alikaribishwa vizuri, akapewa kigoda, na alipotoa neno lake Dama akacheka.

“Mimi tena, dada? Mimi mlaji tu. Kazi siiwezi.”

“Dama, mimi na wewe tumecheza pamoja.”

“Tulicheza, ndiyo. Tonge ulikuwa hujajua kuhesabu.”

Kwa Mbeyu hakukaribishwa. Mbeyu alisimama mlangoni na ungo mkononi.

“Ajiri vibarua,” alisema, “upate faida.”

Asubuhi Mwanasha na Mwanapili waliingia bondeni wawili, na visu viwili vya kuvunia. Ndege walikuwa wamefika kabla yao. Chirau alikuja nyuma na debe bovu la kupigia ndege kelele. Alilipiga mpaka mkono ukamchoka, na kila aliponyamaza ndege wakashuka tena. Siku tatu walifanya hivyo. Walipata vikapu vichache, na upande wa kisimani masuke yakawa yamebaki makapi.

“Uza mnazi, tutafute vibarua,” Mwanasha alimwambia mumewe usiku ule wakila uji.

“Mnazi umekuwa mtumwa niuuze? Tena nani atanunua mnazi wangu kijiji hiki? Hawajibu hata salamu yangu. Leo msikitini Salimu amesogea safu nzima.” Chirau aliweka kikombe chini kwa nguvu. “Ulimi wako, mwanamke. Kuku wanane. Wangekuwa wawili mtu angesahau.”

“Na mandazi?”

“Mandazi ni kitu kidogo.”

“Kesho nitawaambia watu nilichopika ni kunde.”

“Thubutu. Ukisema kunde umenivua nguo. Watasema Chirau halishi nyumba yake.”

“Kwani unailisha?”

Chirau alinyanyuka akaenda kulala barazani. Mwanapili, aliyesikia yote, alijifanya ananyonyesha.

*

Jefwa alikuwa amepanga chumba Msambweni. Mwanasha alikwenda kwa miguu, akafika jua limesimama, leso imemshika mgongoni kwa jasho. Alimkuta kijana mezani, karatasi zimemzunguka, kila fungu limewekewa jiwe lisipeperuke.

“Shikamoo, mama. Karibu kiti.”

“Marahaba. Sikai. Nimekuja unifutie kuku.”

“Kuku gani?”

“Wale wanane. Na papa, na chai, na yale mandazi ya mume wangu. Nilipika kunde na ng'onda, na wali wa kuchanganya na muhogo.”

Jefwa aliweka kalamu chini. Ule upole wa kuingia nyumba za watu ulimtoka usoni, akabaki kijana aliyechoka.

“Kwa hiyo ulinidanganya.”

“Nilikujibu kwa heshima. Mgeni umekuja kwangu, unaniuliza niliwalisha nini watu walionisaidia. Ulitaka nikujibu kunde?”

“Nilitaka unijibu kweli.”

“Na kwenu Kaloleni, mgeni akiuliza, mama yako humwambia tumeshindia muhogo?”

Swali hilo lilimpata Jefwa, maana alimjua mama yake. Lakini mtu akiona ukweli unaomharibia kazi, huukasirikia kwanza.

“Karatasi zimekwenda chuoni,” alisema. “Mwalimu wangu ameniandikia kwamba mfano wa namba saba ndio uliotoka safi kuliko yote. Nimwambie nini sasa? Kwamba namba saba amebadili chakula? Nikifuta yako, nitaaminije ya namba sita, na namba tano? Miezi mitano, mama. Miezi mitano ninalala na mbu hapa.”

“Mimi mpunga wangu unaliwa na ndege.”

“Ndiyo maana niliwashauri vibarua.”

“Kwa fedha gani?”

Jefwa alizitazama karatasi zake, kana kwamba jibu lingekuwa humo. Halikuwamo. Hakuna mahali alipokuwa ameuliza swali hilo.

“Njoo wewe, basi,” Mwanasha alisema. “Njoo uwaambie watu kwamba hesabu ilikuwa na kosa.”

“Hesabu haikuwa na kosa. Wewe ndiwe uliyekuwa na kosa. Mimi sikukulazimisha kusema kuku.”

Lilikuwa neno la kweli, na ndilo lililomuuma kuliko yote. Alirudi njia nzima akilirudia, na hakupata pa kulipinga.

*

Maji ukiyavulia nguo, sharti uyaoge. Kesho yake Mwanasha alikwenda kisimani saa ambayo wanawake wote wapo. Alitua mtungi wake, hakuchota.

“Jamani, nina neno,” alisema. “Yule kijana nilimwambia uongo. Mnajua wenyewe nilichowapikia. Nilipika kunde. Niliona haya kusema kunde, nikasema kuku. Hesabu ile yote ni ya uongo wangu. Hamkula kuliko mlivyofanya kazi. Naomba mnisamehe.”

Dama alikuwa ameshika kamba, ndoo ikabaki inaning'inia. Pengine Dama peke yake angesema, haya, dada, yamekwisha. Lakini Mbeyu alikuwapo.

“Yaani,” Mbeyu alisema taratibu, kama mtu anayechambua mchele, “umetusimanga kwa chakula ambacho hata hukutupa.”

Hakuna aliyecheka.

“Mtu akisimangwa kwa kuku aliyemla, walau kuku amemla,” Mbeyu aliendelea. “Sisi tumekula kunde zako tukashukuru. Tuliona hali yako, tukasema Mungu atamfungulia. Wewe kunde ulizotupa umezionea haya. Na sisi tuliozila je, unatuthamini nini?”

Mwanasha alikuwa amejiapiza asiseme, akasema.

“Hata wewe ulimwambia kuku, dada Mbeyu. Ndiyo yaliyoniponza.”

Wanawake walimgeukia Mbeyu. Mbeyu hakupepesa jicho.

“Mimi hakunisoma mtu ubaoni,” alijibu, akajitwika mtungi akaenda.

*

Kwa hiyo jioni ile Salimu alipopita barazani kwa Chirau, akasalimu, akasema, “Kesho tutakuja,” Chirau hakuamini masikio yake. Alimwita mkewe nje. Alikuwa amesahau ugomvi wote.

“Si nilikuambia? Watu ni watu. Hasira huisha.”

Mwanasha alitaka kumwamini. Usiku ule alitwanga mpunga mpya, ule wa vikapu vichache walivyookoa, na alfajiri alikuwa jikoni anakuna nazi. Aliazima sufuria kubwa ya harusi kwa shangazi yake. Safari hii hakuna ambaye angeona haya, yeye wala wao.

Wakaja wote, nyumba zote, pamoja na yule mgonjwa wa Randu. Waliingia bondeni wakajipanga. Mweria una nyimbo zake, na aliyebuni wimbo mzuri husifiwa mpaka mwaka wa pili, lakini siku ile ilisikika milio ya visu tu. Walivuna haraka na walivuna safi. Adhuhuri ilipoadhiniwa wanaume walikwenda kuswali wakarudi, na wanawake hawakuinua migongo. Mwanasha aliona jua linapinduka na watu wangali kazini. Hakuna mweria unaopita adhuhuri.

Alasiri bonde lilikuwa jeupe. Mpunga ulirundikwa uani, na Mwanasha akatoa sufuria, akatandika mikeka, akaleta maji ya kunawa.

“Karibuni, jamani. Karibuni chakula.”

Watu waliketi chini ya upenu, mbali na mikeka. Kila mmoja alifungua kifurushi chake cha leso, akatoa muhogo wa kuchemsha, akala kimya. Wengine walikuwa na kipande cha nazi. Harufu ya mchuzi ilikuwa imejaa uani, na mtoto wa Randu alipoinuka kuielekea, mamake alimshika mkono akamkalisha.

Walipomaliza, Salimu alikung'uta mikono.

“Tumefika alasiri,” alimwambia Chirau. “Shilingi moja na nusu kila mtu. Ndiyo bei, tumeisoma wote.”

Chirau aliangalia huku na huku akitafuta atakayecheka. “Salimu, ndugu yangu. Mnajua sina.”

“Tunajua. Tutapokea mpunga, kwa bei ya dukani.”

Chirau alisema anakwenda kutafuta makanda ya kufungia. Alipita nyuma ya nyumba, hakuonekana tena. Kwa mara ya kwanza tangu utafiti uanze, bonde lilirudi kuwa la Mwanasha.

Salimu ndiye aliyepima. Katika mambo ya jirani pishi hujazwa mpaka ikatoa kilima, na kinachomwagika hakiokotwi. Yeye alikuwa na kijiti, na kila pishi aliisawazisha nacho juu, hakuzidisha wala hakupunguza punje. Hakumwibia Mwanasha chochote. Watu walipokea mmoja mmoja, wakafunga leso zao, wakaondoka bila kuaga. Rundo lilishuka, likashuka, mpaka Mwanapili aliyekuwa amesimama jikoni akaingia ndani asilione. Liliposimama lilikuwa limekaribia nusu, na Mwanasha hakuhitaji mtaalamu wa kumwambia kwamba lililobaki halifiki masika.

Lakini si rundo alilokuwa akilitazama. Alikuwa akiwatazama watu wanaotoka. Miaka yote hakuna aliyewahi kutoka uani kwake hivi, amelipwa, amemaliza. Sikuzote kulikuwa na siku yao kwake au siku yake kwao. Ndivyo mamake alivyozikwa, ndivyo Mwanapili alivyozaa na nyumba ikajaa wanawake, ndivyo paa hili lilivyoezekwa. Aliona woga ambao ndege hawakumtia.

Mbeyu alipokea wa mwisho. Alifunga fundo lake, akalijaribu kama limekaza. Mwanasha alimsogelea akamshika mkono.

“Dada Mbeyu, chukua nusu yako tu. Nyingine niachie deni.”

“La nini?”

“Nije nikulipe. Wiki ijayo ni bonde lako. Nitakuja na kisu changu, nitakuja na Mwanapili.”

Mbeyu alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya ubao hapakuwa na hasira usoni mwake. Aliutoa mkono wake polepole, akajitwika mpunga wake.

“Usije,” alisema. “Hatudaiani.”